Sifuri ya Kanda ya Saba

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 1996. Asubuhi hiyo ukungu ulitanda Newala hata mikorosho ya jirani haikuonekana. Faidha, mwanafunzi wa darasa la sita, alifagia uwanja, akamwamkia shangazi yake Mwanaheri, kisha wakaketi barazani mbele ya redio kaseti.

Shangazi alifanya kazi Mtwara, kwa watafiti walioshusha vinasa sauti chini ya bahari. Kwa kuhesabu miito ya nyangumi na pomboo mwaka baada ya mwaka, walijua kama wanyama hao wanaongezeka au wanapungua. Alikuja likizo na kanda nane za sauti hizo, na ripoti ilitakiwa Jumatatu.

"Masikio yako ni makali kuliko yangu," alisema. "Ukisikiliza vizuri, jina lako litaandikwa kwenye ripoti."

Akampa karatasi ya kuandika idadi ya miito ya kila kanda, akaomba dua fupi, akaenda jikoni.

Kufikia saa sita, Faidha alikuwa amemaliza kanda sita. Ya saba ilikuwa na mvumo wa maji tu, mwanzo hadi mwisho. Wakati huo kaka yake Fikirini alirudi kutoka shambani na kikapu kilichojaa korosho.

"Mwenzangu, umeokota ngapi huko baharini?" alimtania. "Au kikapu kitupu?"

Faidha aliona haya. Akaandika: miito sita.

Shangazi aliposoma karatasi alitabasamu. "Kanda ya saba, sita. Mwaka jana, wiki kama ya kanda hii, hatukusikia hata mmoja. Basi nitaandika wameongezeka."

Faidha aliushika mkono wake. "Shangazi, usiandike. Kanda ile haina kitu. Niliogopa kuchekwa."

Fikirini aliinamisha kichwa. Shangazi alifuta sita, akaandika sifuri.

"Kikapu kitupu cha korosho ni hasara," alisema. "Hapa sifuri ni jibu. Inatuambia bahari ilikuwa kimya, tutafute sababu. Tukiijaza uongo, watu watadhani nyangumi wapo, kumbe wanakwisha."

Akamkabidhi kanda ya nane. Faidha alisikiliza akiwa amefumba macho. Karibu na mwisho ulipita mlio mrefu, mzito, kama mtu anayeguna ndani ya mtungi. Akaandika: moja. Shangazi akairudisha kanda nyuma, wote watatu wakausikia. Kweli ulikuwa mmoja.

"Shangazi, jina langu bado litaandikwa?"

"Litaandikwa. Ile sifuri imenionyesha kwamba naweza kukuamini."

Mama yake Faidha alikuwa amesimama mlangoni akiwasikiliza, uso umejaa fahari. Faidha akasimama mbele yao wote.

"Nikisikia, nitaandika. Nisiposikia, nitaandika kwamba sikusikia. Mungu ni shahidi wangu, na ninyi pia."