Ukuta Usiokauka

Saa ya chakula cha mchana watu barabarani Ndia Kuu, Mombasa, hupita ubavu ubavu. Sasa wewe Kitsao, unabeba ndoo ya chokaa begani halafu macho unayapeleka kwa wasichana? Basi akamgonga Nanjala, na gauni lake la zambarau, jipya, alilolivaa mara ya kwanza kwenda ofisini bandarini, likarukiwa chokaa toka kifuani hadi magotini.

"Kwani huoni?"

"Naona, dada. Tatizo nimeona sana."

Waliokuwa barazani wakacheka. Nanjala akabana midomo asije akacheka naye, kisha akauona mwiko kiunoni mwa yule kijana.

"Wewe ni fundi wa plasta? Basi utaniomba msamaha kwa mwiko. Ukuta wangu unanitapikia kitandani."

Nanjala alipanga chumba Kibokoni, juu kwa Bi Yumna, nyumba kongwe ya mawe ambayo plasta yake ilikuwa ikiliwa na chumvi. Na Bi Yumna alikuwa na sheria moja: mwanamume haingii kwa mpangaji wake wa kike, isipokuwa fundi. Fundi naye akimaliza kazi, kwaheri.

Kitsao akabandua plasta kuukuu, akapiga mkono wa kwanza wa chokaa. Nanjala akamletea chai ya tangawizi na mahamri, akaketi mlangoni.

"Umepakaa chokaa hadi nyusi. Umekuwa babu."

"Babu mwenye nguvu zake, mpenzi... samahani, dada."

"Umesema nini?"

"Nimesema dada."

"Kabla ya hapo."

Hamri la pili halijaisha, wote wawili wameshapotea. Wallahi sisemi uongo.

Lakini mkono wa mwisho haupigwi mpaka wa kwanza ukauke. Kila jioni Kitsao huja, akaugusa ukuta, akatikisa kichwa. "Bado, mpenzi. Hewa ya bahari hii." Na hilo "mpenzi" sasa haliombewi tena msamaha. Nanjala, chumba chake kikiwa bado kibichi, akawa analala kwenye mkeka sebuleni kwa Bi Yumna, mgongo unamuuma, moyo umetulia.

Jumamosi moja akarudi mapema kutoka sokoni. Akamkuta Kitsao ameshika kata, anaurushia ukuta maji.

"Kitsao!"

Kata ikaanguka.

"Ati hewa ya bahari! Kumbe bahari yenyewe ni wewe!"

"Nanjala, ukuta ukikauka, mimi nitaingia humu kama nani?"

"Kama mwongo! Mafundi nyote ni wale wale. Nalala chini, nakuamini, kumbe wanichezea! Maliza kazi yako uende."

Mkono wa kwanza ulipokauka, Kitsao akaumaliza ukuta, ukawa laini kama yai. Chai yake akaiacha ikapoa.

Ukuta ulipendeza, na Nanjala akauchukia. Jioni hashiki kitabu wala hasikii redio, anautazama tu. Simu anaishika, anaiweka. Amwambie nini, na yeye ndiye aliyemfukuza? Mwishowe, baada ya kutwanga viungo vya pilau, akabaki na mchi mkononi.

"Halo, fundi? Ukuta umeanguka."

"Umeanguka? Chokaa yangu mimi?"

"Wanibishia? Njoo uone."

Kitsao akaja mbio na shati lililopigwa pasi. Akainama mbele ya tundu la mviringo ukutani, akalinusa.

"Nanjala, chokaa yangu huanguka ikanuka kitunguu thomu?"

Mchi ulikuwa nyuma ya mlango, ncha nyeupe pepepe.

"Nilishikwa na hamu nawe, basi!" machozi na kicheko vikamtoka pamoja. "Ningekuita kwa sababu gani? Kila kitu kimekauka!"

"Na mimi nashinda Ndia Kuu na ndoo tupu, nangoja upite. Nikipeleka wazee kwenu Bungoma, nitafukuzwa?"

"Jaribu uone, mpenzi."

"Na mwiko uko wapi?" Bi Yumna alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono kiunoni. "Fundi gani huja kazini bila mwiko?"

Kitsao akajipapasa kiunoni. Hamna.

"Mmoja anaumwagia ukuta wangu maji, mwingine anautwanga! Kesho uje uzibe hilo tundu, kisha wazee waende Bungoma, na waende upesi. Nyumba hii ya marehemu babangu haiwezi uchumba mrefu."