Sponji ya Miwani

Rafiki yangu muuguzi aliifuta kwa spiriti miwani ya picha, yenye sponji inayokaa usoni, inayowaonyesha wagonjwa ndani ya moyo kabla ya upasuaji, kisha akamvisha mama mmoja.

“Mwanangu, sponji imelowa.”

“Ni jasho la woga tu, mama.”

“Jasho langu nalijua, halinuki hivi. Vaa wewe kwanza, la sivyo narudi nyumbani.”

Muuguzi akaivaa. Picha haikuwaka. Gizani alisikia moyo ukidunda polepole, na sponji ikaanza kumfyonza mashavu kama mdomo, ikitoa utelezi vuguvugu uliomwingia kinywani. Moyo ule ukasimama. Sponji haikuacha.

Kesho yake asubuhi alinijia, mashavu yamechubuka kwa kusuguliwa, akaniomba nimnuse. Alinuka mafuta ya nywele ya marehemu mke wangu, aliyevishwa miwani ileile siku aliyofariki.