Mraba wa Tano

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, msichana huyo alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kuosha brashi za baba yake. Alizitumbukiza katika kopo la mafuta ya taa, akazisugua kwa vidole, kisha akazipanga juu ya gazeti kuanzia iliyo nene hadi ile nyembamba ya kuchorea pembe za herufi. Baba yake alikuwa mchora mabango, na hakuvumilia brashi chafu wala neno lisilo la kweli.

Watu walimwita msichana huyo Karani, kwa sababu hakuachana na daftari lake dogo. Aliandika kila alichokiona: nani amechelewa, nani amevunja kikombe, mbwa wa jirani amebweka mara ngapi. Tabia hiyo ilikuwa njema kwa upande mmoja. Kwa upande mwingine, ilimfanya aamini kwamba aliyeandika mengi anajua yote.

Siku moja baba alirudi nyumbani akiwa amechangamka. “Nimemaliza bango la zahanati,” alimwambia mkewe na binti yake. “Liko nyuma ya goli la kaskazini, kijani kitupu, na herufi nyeupe: NAWA MIKONO KWA SABUNI. Jumamosi mechi itaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Mimi nitakuwa kazini huko huko uwanjani, lakini nyinyi mtaliona.”

Jumamosi Karani alikwenda kwa jirani, ambako watoto kadhaa walikuwa wamekwisha kuketi sakafuni mbele ya televisheni. Mwenye nyumba alikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyejua mahali pa kumzimia.

“Goli la kaskazini ndilo hilo!” Karani alisema kwa fahari. “Tazameni bango la baba.”

Walitazama. Nyuma ya goli hapakuwa na sabuni wala mikono. Palikuwa na tangazo la matairi. Golikipa alipita mbele yake akalikinga kwa mwili, akaondoka, na matairi yakawa yapo pale pale. Baada ya mapumziko, mahali hapo hapo palikuwa na tangazo la godoro.

“Hebu andika kwenye daftari lako, Karani,” Redio alisema. “Baba yako ni bingwa wa kupaka rangi hewani!”

“Nyamaza wewe!”

“Ninyamaze mimi, au lizungumze godoro?”

Watoto walicheka hadi mmoja akapaliwa. Karani hakucheka. Ni nani awezaye kufuta bango zima na kuchora jingine kwa dakika kumi na tano? Ama baba hakuchora chochote, ama alikuwa akilifunika bango la zahanati kwa siri ili kuwapendelea watu wengine. Jioni hiyo aliandika: *Baba ametoka saa mbili. Amerudi saa kumi na mbili. Hakusema lolote kuhusu matairi.*

Alimjaribu kwa mzunguko. “Baba, lile bango lako bado lipo?”

“Kwani lina miguu?” baba alijibu huku akivua viatu. “Lipo. Tena wale mafundi wa televisheni, wenye gari la mitambo, wameniomba nilichoree miraba minne myeusi, mmoja kila pembe. Nitaichora Jumamosi asubuhi. Sikuuliza ni ya nini.”

Karani naye hakuuliza. Aliandika *miraba minne*, akapiga mstari chini yake mara mbili. Kwa muda wa wiki nzima alimtazama baba yake kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa karibu na mkoba wake.

Jumamosi iliyofuata alitumwa na mama kumpelekea baba chakula uwanjani. Bango lilikuwepo: kijani kitupu, herufi nyeupe zilizonyooka, na miraba minne ambayo rangi yake ilikuwa bado mbichi. Mtoto mwingine angefurahi na kuomba radhi moyoni. Karani alijiambia: *Huenda analifunika nikishaondoka.* Baba alipokwenda kunawa kabla ya kula, msichana alichovya brashi katika rangi nyeusi, akachora mraba wa tano chini ya bango, katikati, sawa na ile mingine kwa ukubwa. Alama hiyo ingemwambia kama bango la kwenye televisheni ndilo hilo hilo au ni jingine. Kisha akarudisha brashi mahali pake na kuondoka.

Saa kumi, Karani akiwa tena kwa jirani, mechi ilianza. Matairi yalionekana tena, lakini safari hii hayakutulia. Yalitetemeka, yakapinda, yakaruka. Mara yakatoka nyuma ya goli, yakampanda golikipa, na tairi moja likamkaa usoni kama miwani.

“Mama wee!” Redio alipiga kelele. “Golikipa amegeuka lori!”

Ghafla matairi yakatoweka. Likabaki bango la kijani, NAWA MIKONO KWA SABUNI, na chini yake, katikati, mraba mdogo mweusi. Karani alitoka mbio bila kuaga.

Alipofika uwanjani alizuiwa langoni hadi mechi ilipokwisha, ndipo akaingia. Msimamizi wa uwanja alisimama mbele ya bango pamoja na baba na mwanamke mmoja aliyening'iniza vipokea sauti vya masikioni shingoni. Huyo alikuwa fundi wa mitambo ya televisheni.

“Fundi, uliambiwa minne,” msimamizi alimwambia baba kwa ukali. “Wa tano wa nini? Umetufanya tuchekwe mbele ya watu wote.”

“Sikuuchora mimi,” baba alijibu.

“Rangi yako, brashi yako, bango lako! Basi ni mkono wa nani? Jumatatu nitatafuta mchoraji mwingine.”

Baba aliinama akautazama mraba huo. Michirizo ya brashi ilikuwa imevutwa kutoka kulia kwenda kushoto, jinsi anavyochora mtu atumiaye mkono wa kushoto. Katika nyumba yao mtu huyo alikuwa mmoja tu. Akainuka, akamtupia binti yake jicho, kisha akaanza kukusanya brashi zake.

Karani alielewa kwamba baba amejua, na kwamba hatamtaja.

“Ni mimi,” Karani alisema. “Nilidhani baba anatudanganya. Kwenye televisheni maneno yake hayaonekani.”

Yule fundi wa mitambo akashusha pumzi. “Njooni kwenye gari.”

Ndani ya gari palikuwa na vioo viwili vya picha, kimoja kando ya kingine. Cha kwanza kilionyesha bango la kijani. Cha pili kilionyesha bango lile lile likiwa na matairi. “Kamera inaona kazi ya baba yako,” alieleza. “Mtambo wetu unazifuata pembe nne za bango, ambazo miraba huzionyesha vizuri zaidi, na kubandika tangazo jingine juu ya picha, wala haugusi ubao. Mchezaji akipita, unamwacha mbele. Ulipoongeza mraba wa tano, mtambo uliudhani kuwa pembe, ukalivuta tangazo huko.” Akamgeukia baba. “Fundi, nawe ulistahili kuelezwa. Kosa hilo ni letu.”

Msimamizi alikohoa, akatazama viatu vyake. “Basi, fundi, Jumatatu uje kama kawaida. Nilikuhukumu upesi mno.”

“Hukuwa wa kwanza,” baba alisema.

Karani alilia. Baba alimwacha alie kidogo, kisha akampa brashi na kopo la rangi ya kijani, naye akaufuta mraba wake mwenyewe, tabaka la kwanza na la pili, mpaka usionekane tena. Baba alisimama nyuma yake muda wote.

“Nionyeshe daftari,” alisema hatimaye. Akalisoma ukurasa baada ya ukurasa. “Saa nilizotoka zipo. Saa nilizorudi zipo. Sioni mahali uliponiuliza, ‘Baba, mbona nimeona matairi?’ Kushuku si dhambi, binti yangu. Macho yako yaliona kweli. Lakini ulikwisha kunihukumu kabla hujaniuliza, na hivyo ndivyo msimamizi alivyotaka kunifanyia leo. Umeona jinsi inavyouma. Mtu ukimtilia shaka, mwendee umuulize usoni, kisha usikilize jibu lake hadi mwisho.”

“Nimekosa, baba. Nisamehe.”

“Nimekusamehe. Jumatatu utawaeleza wenzako wote kwamba baba yako si mwongo, na kwamba mraba ulikuwa wako.”

Karani aliitika. Kisha akamtazama baba usoni, akauliza swali ambalo daftari lake halikuwa nalo:

“Baba, na zahanati wanajua kwamba maneno yao hayaonekani?”

Baba alikifunika kopo la rangi, akamshika mkono. “Hilo hata mimi sikuliwaza. Twende tukawaulize.”