Mkia Uliomkata Bwana Harusi

Mkia wa herufi ulikuwa umerefuka tena. Mchora kadi aliufupisha kwenye kompyuta asubuhi, akaufupisha kabla ya kula, na sasa herufi ya mwisho ya jina la bibi harusi imejinyoosha hadi kwenye jina la bwana harusi na kulikata katikati, kama mwalimu anavyokata jibu la kijinga.

Alisonya. Kadi zilikuwa za harusi ya mdogo wake wa kike, na hasira zilikuwa zimemfika hapa kooni. Fonti hii ya mwandiko wa madaha ndiyo iliyomjengea jina mjini. Saluni na maduka ya manukato yaligombania vibao vyake. Aliitoa kwenye karatasi alizoandika mdogo wake enzi zile alipopandwa na jini mahaba, akiandika kwa mkono wa kushoto, yeye asiyejua hata kushikia kijiko mkono huo. Mganga alipomtoa jini, aliagiza karatasi zichomwe. Dada mtu alizichoma, tena zote, ila kwanza alizipiga picha. Herufi nzuri namna ile, nani angeziacha?

"Dada," mdogo wake alinong'ona mlangoni, "nani amejipaka marashi yake humu?"

"Marashi ya nani?"

"Yake."

Hapo na yeye akaisikia, harufu ile ile ya enzi za jini, ya waridi lililochachia kwenye maji. Printa ikaanza kuvuta karatasi bila kuamriwa, kadi baada ya kadi, na kila mkia ulipotoka ulikuwa mrefu kuliko uliotangulia, ukavuka ukingo wa kadi, ukatambaa mezani na wino wake mbichi, ukaelekea mlangoni aliposimama bibi harusi, naye akawa anautazama bila kurudi nyuma hata hatua moja.

Dada alichomoa waya ukutani. Printa haikusimama.

Mganga aliletwa mbio. Alifukiza, akasoma, hata bibi harusi akanguruma kwa sauti nzito: "Mke ni wangu! Nilikuwa na mkono mmoja, mkanipa mingi!" Kisha akalegea, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Ikabidi dada akiri habari za picha na fonti.

"Futa picha. Futa na hiyo fonti," mganga alisema. "Hakuna aliyebaki nayo?"

"Hakuna," dada alijibu, akitazama sakafu. Aliona aibu kusema.

Picha na fonti zikafutwa, kadi zikachapwa upya kwa herufi za kawaida, na jina la bwana harusi likakaa safi. Dada alikuwa ndiyo kwanza anashusha pumzi, simu ikaita. Alikuwa mchora kadi mwenzake.

"Shoga, ile fonti uliyotugawia ina wazimu gani? Nimeandika jina la bibi harusi wa watu, linatokea jina la mdogo wako! Wenzetu wote wanalia hivyo hivyo."

Dada aligeuka taratibu. Mdogo wake alikuwa mezani, ametulia, akiandika majina ya wageni kwenye bahasha kwa mkono wa kushoto.