Siku Niliyopiga Yowe Bila Kupasha Koo

Mkono wa mume wangu ulikuwa shingoni kwangu, na mlango alishaufunga kwa ufunguo.

"Jumamosi hupandi jukwaani," akasema. Taratibu tu, kama mtu anayeomba chumvi.

Aliponilegeza kidogo nikapiga yowe... yowe la roho kutoka!

Hakuna aliyekuja.

Nje nikamsikia jirani yetu, fundi viatu, akicheka. "Shemeji leo kapania!"

Nyie, ngojeni niwarudishe nyuma muelewe.

Mimi naimba kwenye bendi ya muziki mzito, ule wa magitaa yanayonguruma. Kazi yangu ni kupiga mayowe. Usicheke, ina shule yake. Aliyenifundisha ni mpiga ngoma wetu.

"Yowe linatoka tumboni," aliniambia. "Koo ni mlango tu. Na usianzie juu, utajichana."

Basi kila jioni nilianzia chini kabisa, nanguruma kama jenereta, kisha napanda kidogo kidogo. Mwanzoni nikifika juu nilitoa sauti ya mbuzi. Nikakomaa nayo mpaka ikakubali.

Mama mkwe, anayekaa chumba cha uani, hakunivumilia.

"Mwanangu kaoa mke au king'ora?"

Mume wangu ndiye aliyenitetea. Alipita nyumba hadi nyumba: "Mkisikia mayowe kwangu msishtuke. Mke wangu yuko mazoezini."

Siku hiyo nililia kwa furaha. Nikajiona nimepata mume.

Kumbe... alikuwa ananifungia milango ya majirani, mmoja baada ya mwingine.

Bendi ilipoanza kualikwa kwenye matamasha, akaanza kunizaba vibao. Jioni ile ndipo akafika shingoni.

"Koo hili ndilo linakupa kiburi," akasema, akabana tena. Macho yangu yakaanza kuingia giza.

Mara mlango ukagongwa. Kwa mchi.

"Fungua."

Mama mkwe!

"Mama, ni mazoezi tu..."

"Mazoezi anaanzia chini. Ananguruma weee, ndipo anapanda. Leo kaanzia juu. Fungua, au nauvunja."

Akafungua. Mama hakumtazama hata usoni. Alinishika mkono, akanipeleka chumbani kwake, akaomba simu ya fundi viatu na kuwaita polisi. Wakaja, wakamchukua. Mwanawe wa kumzaa, jamani.

Nilipoweza kuongea, kwa sauti ya kukwaruza, nikamuuliza.

"Mama, si ulikuwa unazichukia kelele zangu?"

Akauegemeza mchi ukutani.

"Nilizichukia kwa sababu nazijua. Baba yake alinibana hivyo hivyo, miaka. Mimi zangu nikazimeza. Majirani wakanisifu kwa utulivu."

Nikalia. Naye akalia.

Jumamosi sikupanda jukwaani. Sauti zangu za juu hazijarudi, na daktari anasema huenda zisirudi. Inaniuma, siwafichi. Nimerudi kuanzia chini, kwenye mngurumo.

Ila sasa sifanyi peke yangu. Nina mwanafunzi mmoja, nywele zote nyeupe. Kila jioni anasimama pale uani, mkono tumboni, anatoa sauti ya mbuzi.

Wewe unayesoma, ukisikia yowe kwa jirani, nenda ukagonge. Ukikuta ni mazoezi, mtacheka tu.