Vidole vya Sabra na Simu Iliyofungwa

Sabra alikuwa barazani kwake, mtaa wa Chuno, Mtwara, akibangua korosho. Alijipaka majivu mikononi ili mafuta ya maganda yasimuunguze. Hata hivyo ngozi ya vidole ilikuwa inabanduka. Hakujali.

Mama mkwe wake, Bi Nuru, alikaa kwenye mkeka akimkosoa.

"Unazivunja, mwanangu. Korosho nzima ndiyo korosho."

"Mama, ukimaliza kunisimamia, njoo ubangue."

Bi Nuru alicheka. Mara jasho likamtoka, mikono ikamtetemeka. Alikuwa mgonjwa wa kisukari, na asubuhi ile alichoma sindano yake ya insulini bila kula.

"Mama, vipi?"

"Naona kizunguzungu."

Sabra alishika simu ampigie mumewe, Issa, dereva wa bajaji. Akaweka kidole gumba. Simu ikakataa kufunguka. Akaweka kingine. Ikakataa. Akafuta majivu kwenye kanga, akajaribu tena. Simu ikataka namba ya siri. Issa ndiye aliyeiweka siku waliponunua simu. Sabra hakuwahi kuiuliza, kwa sababu kidole kilitosha.

"Dada Esta! Njoo, mama anazidiwa!"

Esta, jirani yao, ni mhudumu wa afya wa mtaa. Alifika mbio.

"Bi Nuru, unanisikia? Unaweza kumeza?"

"Naweza."

Esta akakoroga sukari nyingi kwenye maji, akamnywesha. "Sukari imeshuka. Angekuwa amezimia, tusingempa kitu mdomoni. Tungemkimbiza hospitali."

Baada ya robo saa Bi Nuru alikuwa anadai uji. Esta akampigia Issa kwa simu yake.

"Sasa wewe kwa nini hukumpigia?" akamuuliza Sabra.

Sabra akamwonyesha vidole.

"Simu inasoma mistari ya kidole," Esta alisema. "Yako imeliwa na mafuta ya korosho. Simu haikujui tena."

Issa alipofika, akataja namba ya siri. Ilikuwa tarakimu nne za mwisho za namba yake ya simu.

"Ile uliyoiandika mgongoni mwa bajaji?" Esta alishangaa. "Mtwara nzima inaisoma!"

Issa akajikuna kichwa. Sabra akachagua namba nyingine, anayoikumbuka mwenyewe. Kisha Esta akafungua Mipangilio, akagusa Usalama na dharura. Wakaandika jina la Issa na la Esta.

"Simu ikiwa imefungwa, bonyeza Dharura. Majina haya yatatokea, na utapiga."

"Na ujumbe wangu je? Watakaoshika simu watausoma?"

"Hawauoni. Una siri gani wewe?"

"Nifundisheni na mimi," Bi Nuru alisema. Akajaribu mara tatu.

"Mama, acha kunipigia! Niko mbele yako!" Issa alilalamika.

Tangu siku hiyo Sabra anavaa glavu anapobangua, na Bi Nuru hachomi sindano kabla uji haujaiva. Lakini mwezi uliofuata, Sabra akiwa bombani, mwili wa Bi Nuru ulitetemeka tena. Alikunywa maji ya sukari. Akachukua simu ya Sabra iliyofungwa, akabonyeza Dharura, akagusa jina la Issa.

"Sabra, kuna nini?"

"Siyo Sabra, ni mama yako. Sukari imeshuka. Nimeshakunywa dawa yake. Njoo unipeleke zahanati, wanipimie."

Sabra aliporudi na ndoo, alikuta bajaji mlangoni. Bi Nuru alikuwa ameshapanda, buibui limenyooka, simu mkononi.

"Mama! Nani amekusaidia?"

"Nimejisaidia," Bi Nuru alisema. "Issa, washa bajaji."