Maziwa Kutoka Mhezi

Kila asubuhi, shangazi Raheli akiwa bado anachochea moto, Eliaichi alikuwa amekwisha kukaa kwenye gunia lake penye mlango wa nyuma, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, macho ameyaelekeza milimani. Wakati huo wa asubuhi, kabla jua halijawa kali, milima ya Upare ilionekana vizuri kutoka Same, mikunjo yake yote. Nyuma ya mikunjo hiyo, mahali ambapo jicho halifiki, ndipo palipokuwa Mhezi, kijiji chao, na Mhezi ndipo alipokuwa mama yake.

"Milima haitembei, mwanangu," shangazi alimtania. "Njoo unywe uji. Ukirudi utaikuta papo hapo."

Ilikuwa mwaka wa 1953, Mwingereza akiwa bado anatawala nchi. Eliaichi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wakati wa mvua za masika aliteleza kwenye mteremko akiwa na mzigo wa kuni kichwani, akavunjika mfupa wa mguu, chini ya goti. Wanaume wanne walimbeba kwa machela, wakipokezana mabega, mpaka kituo cha reli cha Makanya, bondeni. Hapo akapandishwa treni na kuletwa Same kwa shangazi yake, ambaye mumewe alifanya kazi kwenye reli. Mguu ukafungwa plasta ngumu.

Eliaichi akiwa huko Same, mama yake alijifungua mtoto wa kiume. Mama hakuweza kushuka na kichanga, na Eliaichi hakuweza kupanda. Siku hizo kutoka Makanya hadi Mhezi hakukuwa na gari. Ilikuwa ni miguu na kifua chako. Basi alikuwa na ndugu asiyemjua sura, na jambo hilo lilimuuma kuliko mguu wenyewe.

Plasta ilipotolewa, Dresa Aminieli, mganga msaidizi wa zahanati, alimwambia, "Mfupa umeunga, lakini umekaa muda mrefu bila kazi, umedhoofika. Mfupa una uhai kama nyama. Unataka chakula chenye chokaa ya kujenga mfupa: maziwa, mboga za majani, dagaa. Tena unataka kazi na jua. Utembee kila siku, leo zaidi ya jana. Baada ya wiki sita nitakupima. Ukipanda kilima kile pale nje mara tatu bila fimbo, nitakuruhusu uende kwenu."

Eliaichi nusura aruke. Wiki sita! Mama alikuwa ametuma salamu kwamba mtoto atabatizwa wakati huo huo, na atakayembeba kumwingiza kanisani ni dada yake.

Kila wiki akina mama wa Mhezi walioshuka gulioni Makanya walileta kibuyu cha maziwa kutoka kwa mama yake, kikapakiwa kwenye treni, na mume wa shangazi akakipokea kituoni. Eliaichi alipokizibua mara ya kwanza, harufu ya moshi wa jikoni kwao ilimjia puani. Alilia mpaka kwikwi. Hakunywa. Akikinywa kitakwisha, na kikikwisha atabaki na nini cha kwao? Akakificha chini ya kitanda, na kila jioni akawa anakizibua, ananusa, anaziba.

Wiki iliyofuata maziwa yalikuwa yameharibika. Akayamwaga nyuma ya nyumba, akaosha kibuyu na kukirudisha kama mtu mwema. Ndivyo alivyofanya wiki baada ya wiki. Dagaa hakuwagusa kabisa, kwa maana wazee wa Mhezi walisema samaki ni nyoka wa maji. Na kutembea? Alipiga hatua kumi, mguu ukauma, akarudi kwenye gunia kuitazama milima.

"Maziwa umekunywa?" shangazi aliuliza.

"Nimekunywa, shangazi."

Siku ya kupimwa ilifika, Ijumaa kabla ya Jumapili ya ubatizo. Eliaichi alianza kupanda kilima kwa haraka, moyo umemtangulia. Hakufika hata nusu. Mguu ulianza kutetemeka, jasho likamtoka, akakaa chini.

Dresa Aminieli alimfuata, akamminya shavu la mguu. Lilikuwa laini, halina nguvu. "Eliaichi, maziwa unakunywa?"

"Nakunywa, dresa."

"Na dagaa unakula?"

"Nakula."

"Sasa ulimi wako unasema lake, na mguu wako unasema lake. Mimi nimsadiki nani?"

Eliaichi aliinamisha kichwa, machozi yakaanza kudondoka. Akasema yote: kibuyu chini ya kitanda, maziwa yaliyomwagwa, dagaa aliowapa kuku. Shangazi Raheli, aliyekuwa amemsindikiza, alishika kinywa kwa upindo wa kanga.

"Eliaichi! Mimi nampelekea mama yako salamu kwamba unakunywa vizuri, kumbe unanifanya mwongo!"

"Nisamehe, shangazi. Niliogopa yakiisha..."

Dresa hakupaza sauti. "Nakuonea huruma, lakini huruma haitakufikisha Mhezi. Jumapili huendi. Tunaanza upya, wiki sita."

Jumapili ile ilikuwa ndefu. Eliaichi alijua kwamba huko juu watu wamevaa nguo zao za kanisani, na mikono mingine inambeba mdogo wake. Alilia peke yake, wala hakuwa na wa kumlaumu. Mchana alisimama, akalikunja lile gunia, akampa shangazi atilie mkaa.

Kibuyu kilichofuata alikinywa huku analia, funda moja, machozi mawili. Lakini alikimaliza. Dagaa walikuwa na kisa chao. Bahati, binti wa jirani, alimshikia mmoja mbele ya uso.

"Nyoka gani huyu asiyeweza hata kukaza macho? Mtafune na mifupa yake. Nyumbani kwetu tunakula kila siku, na mbio hunipati!"

"Subiri mguu upone," Eliaichi alijibu, akafumba macho na kutafuna. Siku ya tatu alikula bila kufumba.

Alitembea mpaka bombani, kisha mpaka sokoni, kisha mpaka chini ya kilima. Mguu ulipouma alipumzika, akaendelea. Wiki ya nne alibeba ndoo ndogo ya maji. Wiki ya sita alipanda kilima mara tatu, na Dresa Aminieli akamwambia neno moja tu: "Nenda."

Walishuka treni Makanya, yeye na shangazi, wakaanza kupanda alfajiri. Joto la bondeni liliwaacha polepole, ukaja upepo wa baridi, ikaja migomba, ukaja mlio wa maji kwenye mifereji. Walipumzika mara nyingi. Mguu uliuma, lakini haukutetemeka. Jua likiwa linaelekea kuzama, Eliaichi aliingia uani kwao kwa miguu yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

Mama alimkumbatia kwanza, mtoto akiwa katikati yao. Baadaye, wakiwa wameketi, Eliaichi alimweleza ukweli wote, asifiche kitu.

Mama alimpakata mtoto vizuri. "Maziwa yale nilijinyima, na huyu ananyonya, ili yawe mfupa wako. Kunikumbuka si kosa, mwanangu. Hata mimi sikulala kwa kukukumbuka. Lakini hamu haijengi mfupa. Mfupa hujengwa na kinachoingia tumboni na kazi inayofanywa na miguu. Nawe ungesema kweli mapema, ungembeba ndugu yako siku yake. Ile siku hairudi."

"Najua, mama."

Wakati huo mbiu ya pembe ikalia ng'ambo ya bonde: kesho ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kuzibua mfereji. Kila nyumba itoe mtu mwenye nguvu. Zamani Eliaichi akiisikia pembe hiyo alikuwa na ustadi wa kupotea ghafla.

Mama alimtazama mguu, akamtazama uso. Akanyanyuka, akachukua jembe dogo lililoegemea ukuta, akaliweka mbele yake.

"Mimi nina mtoto mchanga," alisema. "Kesho mtu wa nyumba hii ni wewe."

Eliaichi alilishika jembe kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipojua kwamba amefika nyumbani.